Mpe Shujaa Upanga Kungali Mapema: Mwongozo kwa Mtengeneza Gemu Mwenye Mkono wa Birika

Mtengeneza gemu mpendwa, sogeza kibodi pembeni tuzungumze kuhusu ule upanga uliouficha nyuma ya bosi wa mwisho.

Tunajua upo. Umeuchora kwa miezi, umeutia miali ya buluu, umeupa jina refu na ukoo wa wafalme wanne. Kisha ukaukabidhi kwa mchezaji wakati pepo mkuu ameshakufa, ulimwengu umeshaokoka, na majina ya wafanyakazi wako yameshaanza kupanda kwenye skrini. Huko ni kuleta sinia la pilau wageni wakiwa wameshapanda basi. Pilau tamu, mpishi hodari, na hakuna wa kula.

Mwongozo huu ni wako, na umeandikwa kwa mapenzi makubwa ya gemu za RPG, zile ambazo mtu huvaa uhusika wa shujaa, akapanda leveli moja baada ya nyingine, akakusanya panga, fimbo na deraya hadi amkabili adui ambaye mwanzoni alimtoa mbio. Kanuni yake ni moja, na hatua zote zinaizunguka hiyo hiyo: saa ya kutoa silaha kali haipimwi kwa muda ambao mchezaji ameshacheza, inapimwa kwa kazi iliyobaki mbele yake. Silaha ni chombo cha kazi. Kazi ikiisha, imebaki pambo la ukutani, na shujaa wako hana hata ukuta.

Hatua ya 1: Mwonjeshe njaa, lakini usimuue nayo

Usimpe kila kitu mlangoni. Mtu asiyewahi kupigana na rungu hawezi kujua raha ya upanga.

Katika Dragon Quest, gemu ya Yuji Horii iliyotolewa na Enix mwaka 1986, mfalme anamtuma kijana akamuue mtawala wa majoka na kuukomboa ufalme. Kwa kazi hiyo yote anampa dhahabu 120. Upanga wa shaba dukani ni 180. Mfalme mzima, mwenye kasri, walinzi na kiti cha enzi, ameshindwa kumnunulia mkombozi wa taifa upanga wa shaba! Kijana anatoka na rungu la dhahabu 60, au fimbo ya mianzi ya 10, anakwenda kupigana na vidubwana vya ute nje ya mji huku akihesabu sarafu.

Ubahili huo una akili ndani yake. Siku kijana anaporudi dukani na dhahabu 180, anajua kila sarafu ilitoka kwa nani. Adui aliyehitaji mapigo manne sasa anaanguka kwa mawili, na mchezaji anajisikia mrefu. Huo ndio utamu wenyewe wa RPG, na hauji bila njaa iliyoutangulia.

Ila njaa ina mwisho. Ukimwacha mtu usiku mzima anapiga panya kwa fimbo, atazima mashine akalale, na panya wako watabaki salama milele.

Hatua ya 2: Weka silaha kali mapema, mahali penye kutisha

Hapa ndipo watengenezaji wengi hutetemeka. Wanaogopa kwamba silaha kali ya mapema itaharibu gemu. Basi na waitazame Fallout 2 ya mwaka 1998.

Mchezaji anaanza katika kijiji cha Arroyo akiwa na mkuki mkononi. Mojawapo ya deraya bora kabisa za gemu iko katika kambi ya kijeshi ya Navarro, mbali sana, na njia yake imejaa doria za askari wanaoweza kumgeuza majivu kwa risasi moja. Lakini hakuna ukuta, wala mlinzi anayeuliza leveli. Mwenye moyo anaondoka mapema, anakufa njiani, anarudia, anakufa tena, anafika. Akishafika anaingia kambini kwa ulimi, kwa kudai kwamba yeye ni askari mpya aliyekuja kujiandikisha. Anatoka akiwa amevaa chuma kutoka utosini hadi nyayoni, na dunia nzima bado iko mbele yake.

Hakuna aliyeibiwa kitu. Mwoga alipita njia yake na gemu yake ikabaki vilevile. Jasiri alilipa kwa woga, kwa uvumilivu na kwa kujua anakokwenda, akapewa haki yake.

Larian Studios walilielewa jambo hili katika Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023. Gemu inaanzia ndani ya meli inayoungua, na kila kitu kinakuhimiza ukimbilie mitambo ya kuiendesha. Lakini pale pembeni yupo Commander Zhalk, jemadari wa mashetani, ameshika upanga unaowaka moto. Mtu mwenye akili anapita kando. Mtu mwenye moyo anasimama, anashirikiana na kiumbe anayepigana na jemadari huyo, na akimwangusha kabla muda haujaisha, upanga wa moto ni wake tangu sura ya utangulizi. Ataupeperusha kwa saa nyingi huku kila pigo likimkumbusha kwamba alithubutu.

Kwa hiyo chora ramani yako, tafuta joka baya kuliko yote, ulilaze karibu na njia, na uweke silaha nzuri chini ya tumbo lake. Baldur's Gate II ya mwaka 2000 ilifanya hivyohivyo: Carsomyr, upanga mtakatifu ambao ni paladini pekee anayeweza kuutumia, uko kwa joka Firkraag, na joka hilo linafikika tangu sura ya pili. Unaweza kumkuta, kuzungumza naye kwa adabu, ukaaga, ukaenda zako kujiandaa kwa saa kumi na tano. Muda wote huo unajua upanga uko wapi. Hamu hiyo inafanya kazi kubwa kuliko zawadi kumi za bahati nasibu.

Hatua ya 3: Silaha ya mapema iwe na bei isiyo ya sarafu

Njia ya pili ya kutoa nguvu mapema bila kuvunja gemu ni kuipa nguvu hiyo tabia. Morrowind ya Bethesda, ya mwaka 2002, ina mfano ambao kila mtengenezaji angepaswa kuubandika juu ya kitanda chake. Karibu na mji wa Caldera, mwanamke barabarani anaomba asindikizwe, na malipo yake ni buti ziitwazo Boots of Blinding Speed. Ukizivaa unakimbia kwa kasi inayozidi ya kila kiumbe kisiwani. Unapata upofu pia, wa asilimia 100. Skrini inakuwa nyeusi tii, na wewe unakwenda kwa kasi ya ajabu kuelekea usikokuona.

Mchezaji wa kwanza anatumbukia ziwani. Wa pili anatazama ramani ndogo kwenye kona na kukimbia kwa kuiamini hiyo. Wa tatu anajifunza uchawi wa kukinga uchawi, anaufyatua sekunde chache kabla ya kuvaa, na macho yake yanabaki wazi. Zawadi ya barabarani imegeuka somo zima la jinsi dunia ile inavyofanya kazi. Hakuna ukurasa wa maelekezo uliowahi kufundisha vizuri hivyo.

Mifano mingine haipungui. Fallout 4 ya mwaka 2015 inakuvisha deraya kubwa ya chuma na kukupa bunduki nzito huko Concord, saa za mwanzo kabisa, ili upambane na dubwana la kucha ndefu. Halafu unagundua kwamba deraya inakula betri maalumu, na betri zikiisha inatambaa nawe kama mzigo. Elden Ring ya mwaka 2022 inamwekea mchawi mchanga fimbo ya Meteorite Staff katika magofu yaliyo kwenye kinamasi chenye kuozesha mwili, huko Caelid. Fimbo inadai akili 18, inatoa nguvu ya kutisha kwa wakati ule, na haiboresheki hata kidogo. Mchawi ataitumia kwa furaha, kisha ataiacha kwa hiari yake akipata fimbo inayokua. Nguvu imekuja mapema na kuondoka kwa heshima.

Hatua ya 4: Zawadi isije ikamdumaza mwenyewe

Hatari ya kweli ya silaha ya mapema iko hapa, na lazima uitazame usoni. Katika Dark Souls ya FromSoftware, ya mwaka 2011, joka jekundu linalinda daraja la Undead Burg na kumchoma kila anayekatiza. Kutoka chini ya daraja, mchezaji mwenye upinde wa bei nafuu anaweza kuulenga mkia wake, mshale baada ya mshale, hadi mkia ukatike na kumletea Drake Sword. Nguvu ya upanga huo ni 200. Upanga mrefu wa kawaida wa wanaoanza una 80.

Kwa saa kadhaa mchezaji ni mfalme. Maadui wanaanguka kabla hajajua majina yao. Lakini upanga ule hauongezewi chochote na misuli wala wepesi wa aliyeushika, na kuuboresha kunataka magamba ya joka ambayo mapema hayapatikani kirahisi. Mwenyewe anapanda leveli, upanga umesimama palepale. Akifika mji wa Anor Londo, mbele ya mashujaa warefu wenye ngao na mikuki, mapigo yake yanadunda, naye hajajifunza kukwepa wala hajaboresha silaha nyingine yoyote, kwa sababu hakuwahi kulazimika.

Dawa si kuunyima mkia ule upanga. Kuuwinda mkia wa joka kwa mshale ni mojawapo ya mambo matamu zaidi katika gemu ile. Dawa ni taarifa. Mpe mhunzi sentensi moja ya kusema mchezaji akimwonyesha upanga: kwamba ni chuma kizuri, ila hakijui kukua. Sentensi moja inatosha kumwokoa mtu na mwezi wa hasira, na mhunzi naye atapata sifa ya hekima bila kuinua nyundo.

Hatua ya 5: Ukifika katikati, gawia wote

Wapo wachezaji wasiothubutu, wasiopenda kuchunguza vichaka, ambao wamefika tu kwa kufuata hadithi. Nao ni watu. Katikati ya safari, kila mmoja apate silaha yake ya heshima.

Chrono Trigger ya mwaka 1995 ilijua kuifanya sherehe. Upanga Masamune unaonekana ukiwa umevunjika. Vipande vinakusanywa, mhunzi Melchior anasema linahitajika jiwe ambalo halipo tena, na kundi zima linarudi nyuma miaka 65,000,000 kulitafuta. Upanga unafuliwa upya, unamfikia mhusika Frog, naye anakwenda nao kumkabili mchawi Magus. Hapo gemu bado mbichi. Baadaye kabisa, Frog akimaliza deni lake la zamani mbele ya roho ya rafiki yake Cyrus, upanga uleule unaongezeka nguvu. Mchezaji hakuupata mwishoni na hakuutupa katikati. Ulikua naye.

The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ndugu wa karibu wa gemu hizi, ya mwaka 2017, ilitumia kipimo cha mwili. Shujaa wake, Link, anaanza na mioyo mitatu ya uhai. Master Sword umechomekwa msituni, na kuung'oa kunataka mioyo 13. Hakuna anayekuzuia kujaribu mapema, ila upanga unakufyonza moyo baada ya moyo hadi uuachie au ufe umeukumbatia. Ukiupata, una nguvu 30 kwa adui wa kawaida na 60 mbele ya uovu wa Ganon, adui mkuu, na ukichoka unapumzika dakika 10.

Hiyo 30 na 60 ni hesabu ya hekima. Upanga haukufanywa mkali kupita vyote kila mahali, umefanywa wa kumfaa adui fulani. Sisi wa pwani tunaijua siri hiyo tangu kale: Fumo Liyongo, aliyeshinda majeshi, hakuangushwa na upanga mrefu wala mkuki mzito. Aliangushwa na sindano ya shaba, kwa sababu ndiyo iliyomfaa. Silaha kuu si lazima iwe na namba kubwa kuliko zote. Na iwe jibu la swali ambalo gemu imekuwa ikiliuliza tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Usimwadhibu mtu kwa kosa asilolijua

Sasa tufike kwenye uovu mtupu. Katika Final Fantasy XII ya mwaka 2006, mkuki uitwao Zodiac Spear, wenye nguvu 150, uko ndani ya sanduku huko Necrohol of Nabudis. Utaupata kwa sharti moja: kabla ya hapo uwe hujafungua masanduku manne fulani. Masanduku hayo yanafanana na mengine yote. Hakuna mhusika anayeonya. Mojawapo liko Lowtown, nje ya nyumba ya mzee Dalan, saa za mwanzo kabisa, wakati ambapo gemu yenyewe imekufundisha kwamba sanduku hufunguliwa. Kufikia toleo la The Zodiac Age la mwaka 2017 sharti hilo lilikuwa limeshafutwa, na aliyelifuta anastahili shada la maua.

Final Fantasy IX ya mwaka 2000 iliuweka upanga Excalibur II katika sehemu ya mwisho ya safari, kwa yeyote atakayefika pale ndani ya saa 12. Ili kuupata lazima uruke mazungumzo, uache vijiji, uyapite mambo yote yaliyofanya gemu ile ipendwe, kisha uutumie kwa muda mfupi uliosalia. Na katika Final Fantasy X ya mwaka 2001, silaha kuu ya mhusika Lulu haikamiliki mpaka ukwepe radi 200 mfululizo katika uwanda wa ngurumo. Radi ya 199 ikikupata, unaanza upya kutoka moja.

Ugumu ni jambo zuri. Lakini ugumu wa silaha ufanane na silaha. Anayetaka upanga na aupiganie, anayetaka fimbo ya uchawi na aifumbue siri ya uchawi. Kuruka radi mara 200 kunamfundisha mtu kuruka radi, na bosi wa mwisho hatumii radi hizo.

Hatua ya 7: Usilifute jasho la jana

Umeshatoa silaha. Sasa iache ifanye kazi. Oblivion ya mwaka 2006 iliwakuza maadui sambamba na shujaa, hadi vibaka wa barabarani wakawa wanavaa deraya za kioo cha thamani huku wakimdai mpita njia sarafu chache. Kibaka huyo angeuza kofia yake tu, angestaafu. Tatizo la ndani zaidi lilikuwa zawadi: silaha nyingi za misheni zilipimwa kwa leveli uliyokuwa nayo siku ya kuzipokea, na zikabaki hivyo. Mchezaji aliyekimbilia hadithi nzuri mapema alilipwa silaha dhaifu, na mwenye kuchelewa akalipwa nono. Watu wakaanza kuahirisha hadithi bora za gemu kwa kuogopa zawadi zake.

World of Warcraft nayo, ilipotoa The Burning Crusade Januari 2007, iliwakuta watu waliokuwa wamekusanyika 40 kwa 40, usiku baada ya usiku, ndani ya Molten Core. Silaha zao za fahari zilianza kupitwa na zawadi za misheni ndogondogo za Hellfire Peninsula. Milango mipya ilifunguliwa kwa wageni, na hilo lilikuwa jema. Ila waliotoa jasho walistahili safari ndefu zaidi na vyuma vyao.

Na duka la fedha halisi liweke mbali kabisa. Diablo III ilifunguliwa mwaka 2012 na soko la mnada ambamo silaha ziliuzwa na kununuliwa. Machi 2014 Blizzard walilifunga wenyewe, kwa sababu lilikuwa linaua kile kilichowaleta watu pale: kumchinja pepo na kuona kimeanguka nini.

Hatua ya 8: Kila silaha kuu iachiwe adui wa saizi yake

Ukiamua kwamba silaha fulani lazima ichelewe, basi ichelewe pamoja na adui wake. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ina Knights of the Round, mwito wa mashujaa 13 wanaopiga mmoja baada ya mwingine, uliofichwa kwenye kisiwa kinachofikika kwa ndege chocobo wa dhahabu. Kwa nguvu hiyo, bosi wa mwisho Sephiroth mwenyewe anakuwa kazi ya dakika chache. Toleo la kwanza la Japani halikuwa na mtu wa kuistahili. Gemu ilipovuka kwenda Marekani, watengenezaji wake, Square, waliongeza Ruby Weapon na Emerald Weapon, madubwana mawili ya hiari yenye uwezo wa kumfuta shujaa aliyejiona amemaliza dunia. Ghafla mashujaa 13 wakapata ajira.

Huo ndio ukarimu wa kweli wa mtengenezaji, na kipimo chake unaweza kukifanya leo. Chukua karatasi. Andika jina la kila silaha kali iliyomo ndani ya gemu yako, na mkabala wa kila jina andika maadui wakubwa waliobaki siku mchezaji anapoishika. Panapotokea sita au saba, umefanya vizuri. Panapotokea mmoja, mwongezee mwenzake. Panapotokea sifuri, usiguse namba za silaha wala rangi ya miali yake: ihamishe sura tatu nyuma, weka joka juu yake, na uiachie gemu.